Somo la Mapukutiko

Mwaka ule nilifundisha kuanguka. Wanafunzi wangu walikuwa ishirini na tisa, wa miaka mitano na sita, na darasa letu lilikuwa chumba kimoja cha mawe chenye madirisha mapana yaliyotazama bondeni, kwenye mishelisheli iliyolisha nusu ya mji. Naitwa Sikudhani. Mama alinipa jina hilo kwa sababu hakudhani kama angezaa tena, nami nimelivaa kama nguo ya mtu mwingine: mabegani limenitosha, kwingine limenipwaya.

Katika mji ule siku hazikupita zenyewe, zilitangazwa. Kila asubuhi kipaza sauti kilichokuwa juu ya paa la Baraza la Majira kilikohoa, kisha sauti ya mwanamume mpole ikatwambia leo ni siku gani, ya mwezi gani, ya mwaka gani. Mara nyingi ilisema kweli. Mara nyingine Jumanne ilitangazwa mara mbili, na watu wakaenda gulioni mara mbili, au mwaka ulirudishwa nyuma kidogo, na wanawake wenye mimba wakakaa vibarazani wakihesabu kwa vidole na kucheka. Hatukuliona kuwa jambo kubwa. Niliwahi kuulizwa umri wangu nikajibu thelathini na nne asubuhi, arubaini na moja alasiri, na mara zote mbili sikuwa nimedanganya. Nayasema haya mapema ili asije mtu akadhani nilikuwa mjinga kuliko wenzangu. Nilikuwa mjinga sawasawa na wao.

Aliyeniletea somo lile ni Kidawa. Katika chuo cha ualimu tulilala mkeka mmoja miaka miwili, mimi na yeye. Tulinunua doti moja ya kanga tukaigawa, kipande changu, kipande chake, na tulipotoka pamoja watu walitusoma kama sentensi moja. Mama yake alipofariki mimi ndiye niliyemwosha, kwa sababu Kidawa alishindwa hata kushika kata. Baadaye yeye aliitwa kwenye Baraza la Majira, mimi nikabaki na watoto wadogo. Sikumwonea wivu. Kuna watu wameumbwa kusema na wengi, na kuna sisi tunaoweza kusema na mtu mwenye urefu wa meza tu.

Alikuja wakati watoto wamekwenda kunywa uji.

“Hodi humu.”

“Karibu, Kidawa. Leo umepotea njia?”

“Nimeikumbuka,” alisema, akaketi kwenye kiti cha mtoto, magoti yakamfika kifuani. Akaweka bahasha juu ya meza. Ndani mlikuwa na picha moja iliyochujuka: msitu mzima wa manjano na nyekundu, na njia katikati iliyofunikwa majani mpaka haionekani. “Unajua mapukutiko?”

“Kupukutika najua. Nywele hupukutika. Maua ya mkorosho hupukutika.”

“Haya ni majira. Yako nchi za baridi. Miti yote inageuka rangi kwa pamoja, kisha inaachia majani yote, inalala. Halafu majani yanarudi.”

“Sisi tuna masika na kipupwe, vuli na kiangazi. Inatutosha.”

“Ndiyo maana nataka watoto wajue. Dunia ni pana, mwenzangu. Kwa nini wetu wajue mvua na jua tu? Wafundishe kwa kuchora. Wewe una mkono wa kuchora, na wao wanakupenda.”

Sikuwa na la kumpinga, kwa sababu nilikubaliana naye. Kama angeniletea jambo baya lenye sura mbaya ningelitambua. Aliniletea jambo zuri. Mtoto anayeketi nchi ya joto akiwaza msitu ambao hajawahi kuuona ana kitu kimoja zaidi ndani yake, na ualimu ni nini kama si kumtia mtu vitu ambavyo hana?

Hatukuwa na msitu wa manjano, ila uani palikuwa na mti wa mkungu, na mkungu ndio mti pekee katika mji ule uliogeuza majani. Jani moja moja, bila kelele, huwa jekundu kama ulimi wa mtu aliyetafuna tambuu, kisha huanguka, na mti wenyewe hauonekani kupungukiwa na kitu. Tulianzia hapo. Kila mtoto aliokota jani lake na kulipa jina. Tukaliweka chini ya karatasi, tukasugua juu kwa mkaa, na mishipa ya jani ikajitokeza pole pole, wakapiga kelele kama waliomfumania mtu mafichoni. Tulitengeneza rangi: manjano ya kupikia kwa majani ya manjano, hina kwa ya kahawia, udongo wa kichuguu kwa mekundu, na maji ya zambarau kwa vivuli. Chumba kilinuka kama jiko la harusi. Watoto walichovya majani kwenye rangi na kuyagandamiza kwenye karatasi, na waliokosa karatasi waligandamiza kwenye mapaja yao.

Siku nyingine nilisimama juu ya kiti nikaachia majani moja moja. Niliwaambia wasichore jani, wachore njia ya jani. Hilo liliwachukua muda. Mosi, binti mwembamba wa miaka sita ambaye baba yake alitunza mishelisheli ya bondeni, ndiye aliyelielewa wa kwanza. Alichora mstari mmoja uliozungukazunguka kutoka juu mpaka chini, akauacha bila jani mwishoni.

“Jani liko wapi, Mosi?”

“Limeshafika,” alisema. “Linapumzika.”

Mwingine, Khatibu, mtoto wa maswali, akauliza, “Mwalimu, mti unaumia?”

“Hauumii. Unalala.”

“Unajuaje?”

“Kwa sababu majani yanarudi. Kitu kilichokufa hakirudi.”

Niliyasema hayo nikiwa nimesimama juu ya kiti, mikono imejaa majani, na watoto ishirini na tisa wamenyanyua nyuso. Tangu siku ile nimejiuliza maneno yale yalitoka wapi. Mti mzima uliolala mimi sikuwa nimeuona. Nilikuwa na picha moja iliyochujuka, na nilikuwa na Kidawa. Lakini sauti yangu haikutetereka hata kidogo. Mwalimu hupewa sauti ile siku ya kwanza, wala haulizwi anaijaza nini.

Baada ya majuma machache Kidawa akarudi kuzichukua picha. Zilikuwa zaidi ya mia. Alizitandaza sakafuni akatembea kati yake bila viatu, na mara moja niliona ameweka mkono mdomoni. Mpaka leo naamini ule ulikuwa uzuri wa kweli uliomgusa, na naamini hilo halikubadilisha chochote.

“Baraza litafanya maonyesho,” alisema. “Jina lako litakuwa mlangoni. Nyuma ya kila picha andika jina la mtoto na tarehe.”

“Tarehe ya leo?”

“Zigawe mafungu matatu. Hizi mwaka huu, hizi mwaka jana, zile mwaka juzi.”

Nilicheka. “Mwaka juzi Mosi alikuwa hajui kushika hata kijiko.”

Naye akacheka. “Ni maonyesho tu, Sikudhani. Wanataka ionekane somo lina mizizi. Na hizo tarehe zenyewe, mwenzangu, nani anazijua?”

Alinipa kalamu ya wino mweusi mzuri, ya ofisini, isiyokwaruza. Niliketi nikaandika. Mwaka huu. Mwaka jana. Mwaka juzi. Mkono wangu uliufurahia wino ule. Kidawa alikaa kando yangu akizipuliza zikauke, tukazungumza habari za chuo, za mkeka wetu uliokuwa na tundu, na ilipofika alasiri tulikuwa tumemaliza.

Nadhani haukupita mwezi kabla bonde halijageuka. Sauti ya kipaza iliuita mwezi ule kwa majina mawili, kwa hiyo siwezi kuapa.

Mosi ndiye aliyeona. Alikuwa amesimama dirishani, akageuka akasema kwa sauti ndogo, kama mtu anayepokea mgeni aliyeahidiwa: “Mwalimu, yamefika.”

Wote tulikimbilia madirishani. Mishelisheli ilikuwa imeanza kupata manjano pembezoni, yale majani yake mapana yenye vidole, na mengine yalikuwa yameshaanguka yakalala chali kama mikono. Ndani ya siku chache bonde zima likawa lile la kwenye picha. Mshelisheli haujawahi kufanya hivyo. Kila mtu mzima katika mji ule alijua kwamba haujawahi. Lakini mimi nilisimama na watoto wangu dirishani moyo ukinidunda kwa furaha, na furaha yenyewe ilikuwa hii: kwamba nilichofundisha kimekuwa kweli. Sijui kama kuna ulevi mkubwa kuliko huo.

Niliwachukua tukashuka bondeni na vikapu. Tulipokaribia, harufu ilitupokea, kama ya yai viza na chuma kilichochomwa. Mfereji uliopita katikati ya miti ulitoka kilimani, kwenye Mtambo. Baraza ndilo lililoujenga Mtambo, na ukiuliza unatengeneza nini uliambiwa unatengeneza kesho. Maji ya mfereji yalikuwa na utando wa rangi nyingi juu yake. Watoto waliona ni pazuri.

Baba yake Mosi alikuwa amepiga magoti kwenye shina moja. Faki alikuwa mtu wa maneno machache, mikono yake imeshikwa na ulimbo wa shelisheli usiotoka kwa kuoshwa. Alisimama aliponiona.

“Shikamoo, baba,” Mosi alisema. “Miti yetu inalala.”

Faki alimshika kichwa, akamwambia aende na wenzake. Kisha akaniambia, “Mwalimu, naomba umwambie mwanangu kweli. Mimi nikimwambia hanisikii, ananiambia mwalimu kasema. Hii miti hailali. Inakufa.”

“Bwana Faki, yapo majira hivi, nchi nyingine—”

“Mimi sijui nchi nyingine. Miti hii naijua. Huu nimeupanda mimi, ule ameupanda baba. Mizizi imegeuka myeusi. Njoo uone.”

Sikwenda kuona. Palikuwa na hatua kumi kati yangu na ule mzizi aliotaka kunionyesha. Nilimtazama kwa upole nikamwambia, “Tuwe na subira kidogo. Majani yatarudi.” Watoto walikuwa wanasikiliza, na mwalimu hawezi kuvunja somo lake mbele ya wanafunzi. Ndivyo nilivyojiambia. Faki aliitikia kwa kichwa, akarudi kupiga magoti.

Akapeleka malalamiko kwenye Baraza. Watu wa bondeni walimfuata, kwa sababu mashelisheli yalikuwa yameanza kuanguka machanga, yenye maji meusi ndani, na nyumba zilizozoea kula shelisheli la nazi zilikuwa zinakula maneno. Siku ya kikao ilitangazwa, ukumbi ukajaa. Nilipoingia niliona jina langu mlangoni, kwa herufi kubwa. Kuta zote nne zilikuwa zimefunikwa na picha za watoto wangu.

Mwenyekiti alikuwa mtu mnene mwenye macho ya usingizi. Alimwachia Faki aseme kwanza. Faki hakuhutubia. Alikunjua gunia, akatoa tawi, akalikwaruza gome kwa kisu mbele ya wote. Chini ya gome, mahali ambapo hata mtoto anajua panatakiwa kuwa na ubichi, palikuwa na unga mweusi.

“Mfereji umeharibu mizizi,” alisema. “Tunaomba mfereji uzibwe. Ni hilo tu.”

Ndipo Kidawa aliposimama. Alikuwa amevaa vizuri. Aliongea kama anavyoongea na mimi, na hilo ndilo lililoniumiza mwanzo, kabla hata sijaelewa anasema nini. Alisema anamhurumia Bwana Faki, na kwamba hofu ni kitu cha kibinadamu. Kisha akazitoa picha ukutani moja moja, akazigeuza nyuma, akasoma.

“Mosi binti Faki, mapukutiko ya mwaka juzi. Khatibu, mapukutiko ya mwaka jana. Huyu hapa, mwaka juzi tena.” Akasoma nyingi. “Ndugu zangu, miaka mitatu mfululizo watoto wa mji huu wameyaona mapukutiko na kuyachora. Watoto hawana siasa. Mtambo haujafika hata miaka miwili. Sasa miti iliyokuwa ikipukutika kabla ya Mtambo, tutasemaje Mtambo ndio unaoipukutisha?”

Watu walianza kunong’ona. Niliwaona wakitafuta ndani ya vichwa vyao, na niliona, wallahi niliona, baadhi yao wakikuta. Mzee mmoja akamwambia mwenziwe kuwa ni kweli, mwaka juzi aliona majani mengi njiani. Siku zetu zilikuwa zimeshikwa na mkono wa mtu mwingine kwa muda mrefu mno. Mtu akikupa kumbukumbu yenye rangi, jina la mtoto, na wino mzuri, unaipokea, kwa sababu yako mwenyewe haina ushahidi.

Mwenyekiti akamwita Mosi mbele. Alitembea akiwa amenyoosha mgongo, kama nilivyomfundisha kutembea anapokwenda kusoma mbele ya darasa.

“Binti yangu, miti ikipukutisha majani, inafanya nini?”

“Inalala.”

“Halafu?”

“Majani yanarudi.”

“Na kama mtu akisema miti imekufa?”

Mosi alifikiri. “Hajafundishwa,” alisema.

Ukumbi ukacheka kwa upendo. Faki hakucheka wala hakukasirika. Alikuwa anamtazama mwanawe kama unavyomtazama mtu aliye ng’ambo ya mto uliojaa.

Nikasimama. Miguu ilisimama kabla yangu. Nikasema, “Mwenyekiti, mimi ni Mwalimu Sikudhani. Tarehe zile niliziandika mimi. Zote kwa siku moja, kwa kalamu moja, mwaka huu huu. Kidawa alikaa kando yangu akizikausha wino. Mapukutiko hatujawahi kuwa nayo.”

Mwenyekiti hakushtuka. Alimtazama karani, karani akatoka nje taratibu, na baada ya muda usiotosha hata kunywa maji, kipaza sauti kikakohoa juu ya paa. Sauti ya upole ikatangaza siku. Ilikuwa siku ya kesho yake.

“Mwalimu,” alisema Mwenyekiti bila ukali, “kikao kilifungwa jana. Maamuzi yamekwishatolewa: miti inapumzika, asiikate mtu, asiifukue, wala asiwatie watu hofu. Leo tumekaa tu hapa, kama majirani. Unaweza kusema upendalo, ila halitaandikwa, kwa sababu leo hapana kikao.”

Watu wakaanza kuinuka, wakisalimiana, wakiulizana hali kama walioonana sasa hivi. Wengine walikuwa tayari wanazungumza juu ya kikao cha jana. Nilibaki nimesimama ndani ya siku ambayo haikuwa na mahali pa kuweka maneno yangu.

Nilimfuata Kidawa nyumbani kwake. Nilimkuta uani akichambua mchicha, kipande chake cha kanga kile cha chuoni kikiwa kimefungwa kiunoni, kimefifia. Hakunizuia kuingia.

“Ulijua?” nilimuuliza.

“Nini?”

“Kwamba miti itakufa.”

Aliendelea kuchambua, majani huku, mashina huku. “Waliniambia kabla ya mfereji kuchimbwa. Waliniuliza watu wataambiwaje. Nikasema wasiambiwe. Wafundishwe.”

“Ukanichagua mimi.”

“Watoto wanakuamini. Mimi nina sauti ya ofisi.”

“Kidawa, mimi nilimwosha mama yako.”

“Najua,” alisema, na kwa mara ya kwanza akaacha mchicha. “Ndiyo maana nilijua hutaniuliza sana. Mtu mwingine angeuliza. Wewe ungeniamini.” Alisema hivyo kwa huzuni, kama anayenisifu. “Kama nisingekubali mimi, wangempa mwingine asiyekupenda. Angalau mimi nilihakikisha jina lako limeandikwa vizuri.”

Niligeuka niondoke.

“Na wewe,” alisema nyuma yangu. “Uliposhika kalamu ukaandika mwaka juzi, ulidhani unaandika nini?”

Njiani niliongea peke yangu. Nakumbuka vipande tu. Kwamba sikudhani. Kwamba hilo ni jina, si jibu. Kwamba aliyenisaliti alikuwa na mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa wangu. Kwamba jani likianguka halisemi lolote. Sisi ndio tunaolisemea, na mwenye kulisemea ndiye mwenye mti. Kwamba nilitaka watoto wawe na kitu kimoja zaidi ndani yao, na sasa wanacho, na hakitoki. Kwamba hatua zilikuwa kumi tu. Ningeweza kuzitembea. Kumi.

Siku ya pili yake niliingia darasani nikawakalisha watoto sakafuni. Mosi hakuja. Nikawaambia kwa maneno mafupi: mapukutiko yapo, lakini si hapa. Miti yetu haijalala, maji ya mfereji yameiua. Tarehe za nyuma ya picha si za kweli na niliziandika mimi. Nilikosea, nikawafundisha kosa langu.

Hakuna aliyelia. Hilo nilikuwa nimejitayarishia, na halikutokea. Khatibu aliuliza, “Kwa hiyo picha zetu ni uongo?”

“Picha zenu si uongo. Mlichora vizuri mlichoambiwa.”

“Lakini tulichoambiwa ni uongo.”

“Ndiyo.”

Alitafakari. “Basi na wewe utuambie leo kweli ni ipi, tuichore,” alisema, na wenziwe wakaanza kutafuta mkaa. Walikuwa tayari. Kama ningewaambia bahari ni ya maziwa wangekuwa tayari vile vile. Niliiona imani yao kwa mara ya kwanza kama kitu kinachotisha, kisu kilicho wazi kilichoachwa mezani miaka yote hiyo nami nikikatia mkate.

Barua ilifika kabla ya adhuhuri. Ilikuwa na adabu. Ilisema kila mti una wakati wake wa kupumzika, na mwalimu pia. Mwalimu mpya, kijana aliyevaa vizuri, alikuwa amesimama mlangoni na picha ile iliyochujuka mkononi, akingoja nimpishe.

Nikashuka bondeni. Nilifika jua likiwa bado juu. Bila majani, bonde lilikuwa na mwanga mwingi usio na pa kukaa. Faki alikuwa kwenye kizingiti cha nyumba yake, mikono imelala mapajani, haina kazi. Nilimsalimu akaitikia. Nilitegemea anifukuze, au anitukane, ningeshukuru. Alinisogezea kigoda.

“Bwana Faki, ulitaka nije nione mzizi. Sikuja.”

“Hukuja,” alikubali.

“Nimekuja kumwambia Mosi.”

Alinyoosha kidevu kuelekea miti. “Yuko kule. Tangu tutoke kikaoni. Sikumkataza. Kazi aliyopewa na mwalimu wake nitamkatazaje mimi?”

Mosi alikuwa juu ya ngazi ya kuvunia, kwenye mshelisheli uliopandwa na babu yake. Chini palikuwa na kikapu kilichojaa majani ya karatasi, ameyakata kwa mkasi moja moja, yenye vidole kama ya mshelisheli, akayapaka kijani. Sijui kijani kile alikitoa wapi. Pengine alikamua majani ya kisamvu. Alikuwa anayafunga kwenye matawi makavu kwa uzi, na tawi la chini lilikuwa limejaa karibu lote.

“Shikamoo, mwalimu.”

“Marahaba, Mosi. Unafanya nini?”

“Yanachelewa,” alisema. “Baba anahuzunika. Nayasaidia mpaka yaje.”

“Shuka kidogo tuongee.”

“Bado tawi hili.”

Nikamwambia akiwa kule juu. Nilimwambia kwamba majani hayatarudi. Kwamba miti imekufa na baba yake alisema kweli tangu mwanzo. Kwamba mimi nilimfundisha uongo, sikujua, na baadaye nilikuwa na nafasi ya kujua nikaikataa. Nilisema yote, kwa lugha ya mtoto wa miaka sita, na sauti yangu haikutetereka.

Alikuwa ameshika ncha ya uzi kwa meno. Alimaliza fundo kwanza. Kisha akanitazama kutoka juu, bila hasira, kwa ule uso wake wa kutafuta jibu.

“Mwalimu, ulisema uongo siku ile, au unasema uongo leo?”

“Siku ile, Mosi. Leo nasema kweli.”

“Siku ile pia ulisema hivi hivi,” alisema. “Kwa sauti hii hii.”

Nyuma yangu nilisikia kigoda kikisogea; Faki alikuwa amesimama. Hakunisaidia. Mosi alinyoosha mkono chini nimpe jani jingine. Nilikuwa karibu na kikapu, ningelifikia bila kuinama sana. Sikumpa. Alingoja kidogo, vidole vimefunguka, kisha akashuka mwenyewe hatua kwa hatua, akapita pembeni yangu kama mtu anavyopita pembeni ya nguzo, akachagua jani moja kikapuni, akalipuliza vumbi, akapanda tena.